NGUVU YA MANOWARI: KUTOKA KASIA HADI DIZELI



Katika kilima cha Kasubi, jijini Kampala, amezikwa Kabaka Muteesa wa Kwanza, ambaye mwaka 1875 alipeleka mamia ya mitumbwi kupigana na Wavuma katika Ziwa Nyanza. Msafiri Stanley alikuwapo. Wavuma, ingawa walikuwa wachache, waliyahangaisha sana majeshi ya Kabaka, kwani juu ya maji walikuwa hodari zaidi. Siku hizo mtambo wa manowari ulikuwa mkono wa mpiga kasia.

Baadaye ukaja mvuke. Lakini meli ya mvuke hungoja maji yachemke, na moshi wake humwarifu adui kutoka mbali. Mwaka 1897, huko Augsburg, Ujerumani, Rudolf Diesel alionyesha injini isiyohitaji cheche: hewa hubanwa hata ikawa moto mkali, kisha mafuta hunyunyizwa ndani yake, yakawaka yenyewe. Wenye nyambizi waliona faida yake upesi. Nyambizi nyingi za awali zilitumia petroli, ambayo mvuke wake ni hatari kubwa kwa mabaharia waliofungiwa ndani ya chuma. Dizeli iliipunguza hatari hiyo. Hata hivyo, dizeli nayo huvuta hewa. Chombo kikizama huendeshwa na mota za umeme, na zamani ilikuwa sharti kiibuke ili kujaza betri. Wakati huo wa kuibuka ndio adui aliousubiri.

Maziwa ya Afrika Mashariki hayakuona nyambizi, lakini meli moja ya Ziwa Tanganyika imepita njia hiyo hiyo ya mitambo. Graf von Götzen ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikaunganishwa Kigoma, ikapewa mzinga uliotoka katika manowari Königsberg. Mzinga huo uliondolewa baadaye. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo grisi nene. Amri ilikuwa kuzamisha tu, na hao wakafikiria siku ya kuopoa! Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikasafiri tena kwa jina la Liemba, kwa mvuke ule ule. Ni katika miaka ya 1970 tu ndipo ilipofungwa injini za dizeli. Katika Ziwa Nyanza, meli Victoria haikungoja hivyo: ilianza kazi mwaka 1961 ikiwa na dizeli tangu siku ya kwanza.