Siku gesi itatoka, basoda watakuja na nini?

Maneno yaliyosemwa Goma, tarehe 22 Mei 2022



Leo ni mwaka mmoja tangu Nyiragongo ituamushe. Wengine watasema juu ya lava. Mimi nataka kusema juu ya kile ambacho hakuna mutu alikiona: gesi.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlipuko, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru kartie 10 kati ya 18 za muji zihame. Alisema lava inaweza kutoka tena, kwenye nchi kavu ama chini ya ziwa, bila onyo. Munakumbuka asubuhi ile. Magodoro juu ya vichwa, bidoni mkononi, watoto wameshikana mashati wasipoteane. Tukaelekezwa Sake.

Tusimame hapo kidogo. Mimi nilisoma kemia. Diploma iko ukutani, kazi hakuna, lakini hesabu bado najua. Ndani ya Ziwa Kivu, kule chini, kuna gesi ya kaboniki karibu kilometa za ujazo 300, na metani karibu 60. Lava ikivuruga maji ya chini, gesi hiyo inaweza kupanda kwa mara moja. Ziwa Nyos la Kameruni lilifanya hivyo Agosti 1986, likaua watu zaidi ya 1,700, na Nyos ni kidimbwi tu ukililinganisha na Kivu.

Na Sake iko wapi? Kando ya ghuba ya Kabuno, mahali gesi iko karibu kabisa na uso wa maji. Barabara ya kwenda huko inapita Mugunga, nchi ya mazuku, ambako hata bila mlipuko mutu analala kwenye shimo na haamuki. Kwa hiyo tulikimbia gesi kuelekea gesi, tena kwa amri.

Sisemi kuhamisha watu kulikuwa kosa. Ningekuwa gavana, pengine na mimi ningetuma watu waondoke. Nauliza nani aliangalia ramani.

Pale Mugunga nilimukuta mwanajeshi mmoja, kijana kama mimi, na bunduki yake begani. Nikamuuliza: «Komanda, wapi si pazuri kulala? Watu wamechoka, wanaanza kushuka mabondeni.» Akaniangalia. Akajibu: «Mudogo, mimi nimetoka Equateur. Mazuku ni nini?» Hakuwa mutu mbaya. Alitusaidia kubeba muzee mmoja. Ila hakuna aliyemufundisha, na mimi ndiye nilimueleza kwamba kaboniki ni nzito kuliko hewa, haina rangi, haina harufu, inakaa chini.

Kuna atakayeniambia jeshi liko na maski. Maski ya kichujio inachuja sumu, haitengenezi hewa. Kaboniki ikijaa shimoni, kichujio hakisaidii kitu. Unahitaji chupa ya hewa mgongoni na chombo cha kupima gesi. Mwanajeshi akishuka bila hivyo kumuokoa mama, tutazika wawili. Mwaka jana kuna watu walikufa kwa kukosa hewa wakivuka lava iliyokuwa inapoa. Hakuna aliyewazuia.

Kifungu cha 187 cha Katiba kinasema jeshi, wakati wa amani, linashiriki kulinda watu na mali yao. Sisi tuko chini ya gavana wa kijeshi toka Mei 2021. Basi tunaomba kitu cha kijeshi kabisa: mupango ulioandikwa. Malori mangapi, chupa za hewa ngapi, ziko wapi. Nani anatoa amri kati ya jeshi na Protection civile. Wataalamu wa OVG wasikilizwe kabla ya kuchagua barabara, na walipiwe intaneti, maana kabla ya mlipuko walikaa miezi bila hiyo. Na kila kikosi kinacholetwa Goma kifundishwe mazuku wiki ya kwanza.

Barua iko pale mlangoni, karatasi mbili. Tunaipeleka gavernora kesho saa tatu asubuhi, kwa miguu, bila fujo. Ukisaini, andika na kartie yako.