Mgeni na Safari Katika Nchi ya Turkana: Lodwar, Kakuma na Kaaleng



Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Neno hilo lafaa kila mahali, lakini katika nchi ya Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya, ni zaidi ya adabu njema. Huko kuuliza huokoa fedha, na mara nyingine huokoa roho ya mtu. Mazungumzo haya yahusu jinsi mgeni awezavyo kusafiri katika miji ya Lodwar na Kakuma, na mpaka kijiji cha Kaaleng, kwa vyombo vile vile watumiavyo wenyeji.

Zamani za ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, na mtu wa nje hakuingia pasipo kibali. Ndiko alikowekwa Jomo Kenyatta baada ya kuhukumiwa Kapenguria mwaka 1953. Kwanza Lokitaung, kisha mwaka 1959 akahamishiwa Lodwar. Wafungwa wa huko hawakuhitaji ukuta mrefu, maana jangwa lenyewe lilikuwa ukuta. Lami kutoka Kitale ilijengwa kwa msaada wa Norwe katika miaka ya 1980. Baadaye iliharibika sana, hata madereva wakaona heri kupita mchangani kando yake kuliko juu yake, mpaka ilipojengwa upya katika miaka ya karibuni.

Lodwar, makao makuu ya kaunti, uko kando ya mto Turkwel. Kutoka hapo mpaka Kakuma ni kilomita 120 hivi kwa barabara kuu iendayo Lokichoggio na mpaka wa Sudani Kusini. Gari la abiria haliondoki kwa kufuata saa, huondoka likijaa. Kwa hiyo mgeni asivutwe na kelele za mpiga debe, bali atazame ni gari gani limekwisha kupata watu. Aulize nauli kabla ya kuingia, tena asimwulize dereva peke yake. Amwulize pia abiria aliyetangulia kuketi. Achukue maji ya kunywa. Akisafiri asubuhi aketi upande wa kushoto, maana jua humpiga aliye upande wa kulia. Alasiri afanye kinyume chake.

Kakuma ni mahali pa ajabu. Ni kama mji mdogo wa kigeni uliowekwa ndani ya Kenya. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa hapo mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakaongezwa baadaye karibu yake. Leo wanaishi humo watu zaidi ya 200,000, waliotoka Sudani Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi na kwingineko. Njia moja hupita penye duka la Msomali, mkahawa wa Mhabeshi, na kibanda cha Mkongo. Wenyeji Waturkana huleta kuni, makaa na mbuzi.

Chombo cha kuzunguka mji huo ni bodaboda. Jina hilo lilizaliwa katika mpaka wa Kenya na Uganda, ambako watu wa baiskeli walibeba abiria kutoka upande mmoja hata wa pili. Siku hizi baiskeli imekuwa pikipiki. Mgeni asiseme tu, "Nipeleke kambini," kwa sababu kambi ni kubwa, nayo imegawanywa: Kakuma 1, 2, 3 na 4. Ataje sehemu, kisha ataje soko, shule au zahanati iliyo karibu na aendako. Wapatane nauli kabla ya kupanda. Sheria ya Kenya yataka mpanda pikipiki avae kofia ngumu na koti linalong'aa, na abiria awe mmoja tu. Mtu akipakiwa wa pili au wa tatu kwa kupunguziwa senti, ajue ameuza usalama wake kwa bei rahisi.

Lakini jambo kubwa kupita yote ni laga. Laga ni mto wa mchanga, mkavu siku nyingi za mwaka. Watoto hucheza ndani yake na mbuzi hupita. Kakuma iko kando ya laga ya Tarach, na Lodwar nao una laga ya Kawalase. Mvua ikinyesha vilimani mbali, maji huteremka kwa ghafula, na pengine mahali pa kuvukia jua lawaka na mbingu ni nyeupe. Mgeni huona maji ya magotini, akasema, "Twende, bwana, nina haraka." Haoni kwamba mchanga ulio chini unakwenda pamoja na maji. Watu wamechukuliwa namna hiyo, na magari vile vile. Basi mwendeshaji mwema siye yule avukaye kwa ushujaa, bali ni yule azimaye pikipiki na kusema, "Tungoje." Abiria asimtukane wala asimwongezee fedha ili avuke. Maji yaliyokuja kwa saa chache huondoka kwa saa chache; aliyechukuliwa nayo harudi.

Kuna kizuizi kingine kisichoonekana kwa macho. Mgeni mwenye kitambulisho cha Kenya hupanda gari na kwenda zake Lodwar au Kitale. Mkimbizi, ambaye pengine alizaliwa Kakuma na hajui nchi nyingine, kwa miaka mingi ametakiwa kuwa na kibali kila atokapo kambini kwa safari hiyo. Zamani kibali kilikuwa cha kuingia Turkana. Kwake yeye kimekuwa cha kutoka. Mwaka 2025 Serikali ya Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, wenye nia ya kuzigeuza kambi ziwe makazi ya wakimbizi na wenyeji pamoja. Ubora wa mpango huo utapimwa pia kwa jambo hili dogo: ni nani awezaye kupanda gari, na kwenda wapi.

Na Kaaleng je? Kijiji hicho kiko Turkana Kaskazini, mbali na barabara kuu. Huko msafiri hungoja lori la mizigo au Land Cruiser, au hukodi pikipiki kwa bei kubwa. Na wengi huenda kwa miguu, mizigo ikibebwa na punda. Aendaye huko aanze kuuliza Lodwar siku moja au mbili mbele: gari gani litakwenda, na njia ikoje tangu mvua ya mwisho. Asiulize umbali kwa kilomita. Aulize jua litakuwa wapi atakapofika. Ajifunze maneno mawili ya Kiturkana: "ejoka", ndiyo salamu, na "ngakipi", ndiyo maji. Na mwenye kiti garini, akimkuta njiani mama mgonjwa au mwenye uchungu wa kuzaa anayepelekwa hospitali, ampishe. Yeye aweza kungoja gari jingine, mgonjwa hawezi.

Nauli hununua kiti tu. Njia yenyewe i mikononi mwa wenyeji, nao huitoa bure kwa mgeni aulizaye kwa heshima.