Nyuklia ama nyaya? Hotuba kwa kongamano la vijana



Najua ukumbini humu kuna wanaounga mkono nyuklia, na hoja yao si ya mchezo. Nyuklia haitoi moshi, haingoji jua wala upepo, na kule Afrika Kusini mtambo wa Koeberg unawasha taa tangu 1984. Tusiwadanganye watu eti kila mtambo ni bomu.

Shida yangu ni hesabu. Serikali ilipanga megawati 1,000 pale Uyombo, Kilifi. Kenya nzima, jioni kila mtu akiwa amewasha stima, inatumia megawati 2,300 na zaidi. Sasa kituo kimoja kikibeba karibu nusu ya mzigo, siku kikizima ghafla, nani atabeba? Agosti 2023 nchi ilikaa gizani, na hata nyuklia hatukuwa nayo.

Halafu kuna deni. Misri imechukua mkopo wa dola bilioni 25 kutoka Urusi kujenga El Dabaa. Sisi na madeni haya tuliyonayo, tutakopa wapi?

Na huku Olkaria, tunakozalisha umeme wa mvuke tangu 1981, usiku mvuke unaachiliwa hewani kwa sababu watu wamelala na umeme hauna mnunuzi. Kule karibu na Ziwa Turkana mashine 365 za upepo zilikuwa tayari, zikangoja mpaka Septemba 2018 ndipo laini ya kwenda Suswa ikawashwa. Gharama ya kuchelewa ikatupiwa mlipa stima, yaani mama yako na tokeni yake. Upepo ulikuwepo. Nyaya ndizo hazikuwepo! Ukiuliza kwa nini, utaonyeshwa makaratasi tu.

Wavuvi wa Uyombo wanaishi na bahari na mikoko ya Mida. Mwaka 2024 waliandamana, wakakutana na polisi. Mwaka 2025 tukaanza kusikia Siaya. Mradi unahamahama kutafuta wanyonge, ama vipi?

Kwa hivyo naomba azimio letu liseme hivi: pesa ya kwanza iende kwa nyaya na betri za kuhifadhi umeme, na asiguswe mtu shamba lake, Uyombo wala Siaya, kabla wenyeji hawajasomewa masharti ya mkopo kwa lugha wanayoielewa. Anayepinga aje, maikrofoni hii hapa.