*MIKOKO NI MALI, NA MALI INA DAFTARI*

Haya ndiyo tuliyozungumza kwenye mkutano wa tawi Jumapili, kwa faida ya ambao hawakufika.

Tuanze na letu. Masika iliyopita tulipanda miche kando ya barabara, tukapiga picha, tukarudi nyumbani. Hatukupanga zamu ya kumwagilia wala kuzuia mbuzi. Leo tumebaki na mashimo. Kwenye daftari la tawi fedha ile imeandikwa "upandaji miti". Kwa haki ilipaswa kuandikwa "hasara". Wa kulaumiwa ni sisi wenyewe.

Sasa tutazame ng'ambo ya mpaka, Kwale. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wana mradi wa Mikoko Pamoja. Tangu 2013 wanatunza hekta 117 za mikoko na kufanya biashara ya kaboni: miti inanyonya hewa ukaa, wataalamu wanapima, wanunuzi wa nje wanalipa. Fedha inasimamiwa na kamati ya wanakijiji, na wananchi ndio wanaoamua iende wapi: maji, shule, miche mipya. Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wamefuata. Na Vanga ni pua na mdomo na Jasini yetu. Bahari ni ile ile, tope ni lile lile.

Je, kesho tuanze kuuza kaboni? Hapana. Kazi hiyo inataka vipimo, mikataba na miaka. Lakini mtaji wao wa kwanza hata sisi tunauweza: ulinzi wa miti na uwazi wa fedha. Mikoko yote nchini ni hifadhi. Kukata bila kibali ni kosa. Ila anayekata kuni kwa shida ya jikoni, tukimfukuza bila kumpa mti mwingine wa kuni, tumehamisha tatizo tu.

*Tumekubaliana:*

1. Fedha ya fulana mwaka huu inunue miche, ya kuni na ya kivuli. Iwe michache, kila mche uandikiwe kaya ya kuutunza.
2. Tuwaombe serikali ya kijiji na TFS watuonyeshe pa kupanda mikoko. Si kila tope linafaa.
3. Kila mkutano tusome mapato, matumizi na idadi ya miche iliyo *hai*, si iliyopandwa.

Mti hauulizi kadi ya chama. Jirani asiye mwanachama naye aje na jembe lake.

_Katibu wa Tawi, Horohoro_