Kijana wa Mbio na Haraka ya Mashabiki

Tulitazame jambo linalobishaniwa barazani Katesh na Mbulu: kijana hodari wa mbio aingizwe marathoni mapema, ama alelewe kwanza uwanjani? Wenye kuhimiza humtaja Gidamis Shahanga wa Hanang, aliyetwaa dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edmonton, mwaka 1978 akiwa na umri upatao miaka 20. Nao wana hoja, kwani zawadi za barabarani hulipa karo. Kwa upande wa pili, wenye tahadhari hukumbusha kuwa John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968 goti limejeruhiwa, alikuwa mtu mzima wa miaka 30. Nami naelekea kwa hawa wa pili. Lakini je, katika miaka hiyo ya kusubiri, nani atamlisha kijana?