SAFARI YA KIKUNDI KWA TRENI: TUPANGE JINA KWA JINA

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kakamega)

 

 Tumeombwa tuseme machache juu ya safari ya treni, kwa maana baadhi ya vikundi vimekwisha anza kuchanga pesa za kwenda Pwani. Wengine wanataka kuona bahari tu, na hiyo si dhambi. Wengine wanataka kufika Gazi, Kaunti ya Kwale. Huko wanavijiji wa Gazi na Makongeni wanatunza mikoko ya baharini kwa mradi uitwao Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013. Mikoko hufyonza hewa ya kaboni, na watu wa nchi za nje hulipa ili itunzwe. Pesa hizo zimesaidia maji na shule. Sisi tunaokaa kando ya msitu wa Kakamega tuna la kujifunza pale.

Lakini safari njema huanzia nyumbani, tena kwenye karatasi.

Pasi ya zamani na tiketi ya leo

Treni si ngeni kwetu. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na baadaye tawi likajengwa hadi Butere. Wazee wetu waliofanya kazi reli walikuwa na pasi. Mtu akienda likizo alionyesha karatasi yake, akapanda bila kulipa nauli. Wanafunzi wengine wa bweni na askari walisafiri kwa waranti ya serikali. Ndiyo sababu mpaka leo mzee akisikia neno treni huuliza, "Pasi iko wapi?"

Huko Ulaya pasi bado zipo. Wageni wanaotoka nje ya Ulaya waliwekewa pasi ya Eurail mwaka 1959, na vijana wa kule wakapata ya Interrail mwaka 1972. Unalipa mara moja, kisha unapanda treni za nchi nyingi kwa siku ulizonunua. Ukisikia hivyo unadhani mtu anaamka tu na kwenda. Kumbe sivyo! Treni nyingi za mwendo wa kasi na za usiku zinataka uweke nafasi ya kiti mapema, na kulipia kiti hicho, hata kama pasi unayo mkononi. Tena pasi huandikwa jina la mwenyewe. Huwezi kumpa dada yako aitumie.

Kwetu, treni ya Madaraka ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Tiketi yake ni ya safari moja, kiti kimoja, jina moja. Shikeni neno hilo: jina moja. Hapo ndipo sisi tulipoanguka.

Tulivyokosea

Mwaka 2019 tulikuwa watu 22. Tulichanga muda mrefu, tukakata tiketi vizuri, tukashona hata sare. Siku tatu kabla ya safari mama mmoja wetu akaugua. Tukasema, tiketi isipotee bure, tumpe shemeji yake. Hakuna aliyepinga. Wengine tulijiona tumefanya jambo la upendo.

Yule shemeji aliuza kuku wake watatu apate pesa ya matumizi. Alisafiri nasi usiku kucha kwa basi mpaka Nairobi, tukafika stesheni ya Syokimau. Mlangoni askari akaangalia tiketi, akaangalia kitambulisho, akasema majina hayafanani. Alifanya kazi yake, hatumlaumu. Tulibembeleza, tukaeleza, tukaonyesha sare. Haikufaa. Na treni, jameni, haingoji mtu kama matatu ya kwetu.

Wawili wetu walibaki naye, wakapoteza tiketi zao pia. Sisi wengine tuliingia ndani, tukakaa kimya mpaka Mtito Andei. Mama huyo alirudi Kakamega bila kuiona bahari. Kilichomuuma zaidi si kuku. Ni kurudishwa mbele ya watu kama mwizi. Alikaa miezi mingi bila kuja mkutanoni, na tulipomtembelea alisema neno moja tu: "Mlinipeleka bila kuniuliza kama njia iko wazi."

Neno hilo lilitufundisha kuliko semina. Tulikuwa tumepanga pesa, chakula na nyimbo. Hatukupanga mtu.

Mpango wenyewe

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu anazungumza habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akapiga hesabu. Basi nasi tuketi.

Kwanza, orodha. Katibu asiandike majina kwa kichwa. Kila mtu alete kitambulisho chenyewe mkutanoni, na jina na namba vinakiliwe kutoka hapo. Kisha mtu wa pili asome kwa sauti na mwenye kitambulisho aitikie. Mwaka ule tuligundua pia kwamba mama mmoja kwetu anajulikana kwa jina la ndoa, na kitambulisho chake kina jina la baba yake. Aliyepoteza kitambulisho aanze kutafuta kingine sasa, si wiki ya safari. Watoto nao waandikwe pamoja na umri wao, maana nauli yao si sawa na ya mtu mzima.

Pili, hesabu. Mwaka 2017 daraja la kawaida kutoka Nairobi mpaka Mombasa lilianza kwa shilingi 700. Baadaye likawa 1,000, na Januari 2024 likapanda hadi 1,500. Mnaona inavyopanda, kwa hiyo ulizeni bei kabla ya kuanza kuchanga, na muulize tena kabla ya kukata. Tukichukua 1,500, watu 20 kwenda na kurudi ni shilingi 60,000. Kila mmoja akitoa 100 kwa juma, hizo ni juma 30, na hapo hatujagusa nauli ya basi, chakula wala malazi. Pesa ya safari iwe na daftari lake. Isichanganywe na ya mzunguko wala ya mazishi. Ongezeni kidogo ya dharura, ili atakayebaki njiani asibaki peke yake na mifuko mitupu.

Tatu, kuunganisha safari. Hapa ndipo wengi huchelewa. Treni ya Mombasa haiondoki katikati ya Nairobi. Inaondoka Syokimau, nje ya mji, na asubuhi barabara hujaa magari. Basi la usiku kutoka Kakamega likipata pancha, mmekwisha. Msikate treni ya asubuhi ya siku hiyo hiyo. Kateni ya mchana, au laleni Nairobi kwa ndugu wa kanisa. Treni ya usiku ya Kisumu hadi Nairobi ilirudishwa Desemba 2021 baada ya kusimama karibu miaka kumi, lakini haikurudi kuwa ya kila siku. Msiitie katika mpango kabla ya kuuliza stesheni ya Kisumu wenyewe. Na mkumbuke, treni ya Mombasa inashusha watu Miritini, si mjini. Kwa wanaokwenda Gazi, matatu ya kukodi inaweza kupita barabara ya Dongo Kundu bila kuvuka feri ya Likoni. Patana na dereva mapema.

Nne, kukata tiketi. Unaweza kukata kwa simu kwa kupiga *639# na kulipa kwa M-Pesa, au kaunta ya stesheni. Msingoje juma la mwisho, hasa Agosti, Desemba na Pasaka, kwa maana viti huisha. Atakayekata awe na orodha mbele yake, na mtu mwingine aketi kando akisoma kila namba kabla ya kubonyeza. Sisi sasa tunakata kwa mafungu madogo, tunakagua fungu moja, ndipo tunakwenda la pili. Ujumbe wa simu usifutwe. Nakala ya namba zote iandikwe daftarini, maana simu huzima na simu huibwa.

Tano, akiugua mtu. Mkubaliane leo, mkiwa na afya, mtafanya nini. Tiketi haihamishwi kienyeji kwa mtu mwingine. Ulizeni stesheni masharti ya kuvunja tiketi na kiasi kinachokatwa, kisha mkate mpya kwa jina la yule anayekwenda. Kama pesa hakuna, kiti kiende kitupu. Kiti kitupu ni hasara ya shilingi. Mtu kurudishwa mlangoni ni hasara ya kikundi.

Sita, siku yenyewe. Fikeni mapema, saa moja na zaidi kabla ya treni kuondoka. Mizigo hukaguliwa na mbwa hunusa. Visu vya kumenya viazi viachwe nyumbani. Kila mtu ashike kitambulisho chake mkononi, si katika begi la kiongozi. Na wazee watangulie mlangoni, vijana wafuate nyuma. Kukiwa na shida kwa mzee, mjue wakati bado upo.

Kumalizia

Wapendwa, mtu anaweza kusema haya ni mambo madogo ya karatasi. Lakini kikundi cha kujisaidia si jina lililoandikishwa ofisini. Ni watu, na kila mmoja ana jina lake. Tukikosea jina la mtu, tumemkosea yeye.

Yule mama tulimwomba msamaha mbele ya mkutano. Tulimrudishia gharama zake kutoka kwa kikundi, na tukaandika katika kanuni zetu kwamba hakuna atakayesafiri kwa jina la mwingine. Alirudi. Sasa yeye ndiye anayesoma vitambulisho kwa sauti siku ya orodha, na hana mzaha! Ukileta picha ya kitambulisho katika simu anakurudisha nyumbani ukalete chenyewe.

Agosti, Mungu akipenda, tunakwenda tena. Jina lake ni la kwanza katika orodha, na tumekubaliana wote kwamba kiti cha dirishani ni chake.

Haya, makatibu, toeni kalamu. Nani amekuja na kitambulisho?