Kabla ya Kuongeza Ghorofa Juu ya Nyumba ya Zamani

Nakala ya mazungumzo ya idara ya ardhi na mipango ya miji kwa wenye ploti, mafundi na wapangaji



Katika miji ya kaunti, nyumba nyingi zilianza kama nyumba za chini, zikaezekwa mabati, zikakaa hivyo miaka kumi au ishirini. Kisha familia inaongezeka, au barabara inawekwa lami na watu wanaanza kuulizia vyumba vya kupanga. Mwenye ploti anaona kwamba ardhi haitanuki lakini nyumba inaweza kupanda. Hapo huitwa fundi. Fundi huzunguka nyumba, hugonga ukuta kwa nyundo, husema, "Mzee, hii iko sawa, inabeba." Wiki inayofuata lori limeshamwaga kokoto langoni.

Mazungumzo ya leo yanahusu neno hilo moja, "inabeba", na ni nani anayefaa kulisema.

Hesabu yenyewe si ngumu. Nyumba ya mita 10 kwa mita 8 ina eneo la mita mraba 80. Slabu yenye unene wa sentimita 15 juu yake ni mita 12 za ujazo za konkriti, na kila mita ya ujazo ina uzito wa takriban tani 2.4. Jumla ni karibu tani 29, kabla jiwe moja la ukuta wa juu halijawekwa, kabla ya vitanda, makabati na watu. Paa la mabati lililoondolewa, pamoja na mbao zake, halifiki tani tano. Tangi la maji la lita 5,000 likijaa ni tani nyingine tano, na mara nyingi huwekwa kwenye kona moja ya slabu, mahali popote fundi bomba alipopata nafasi. Nyumba iliyosimama miaka ishirini bila ufa imethibitisha kwamba inaweza kubeba paa la mabati. Kuhusu slabu haijathibitisha lolote.

Kwa hiyo mhandisi anayeitwa kukagua nyumba ya zamani huanza chini. Huchimba pembeni mwa ukuta ili aone msingi una upana gani, umeenda chini kiasi gani na umekalia udongo wa aina gani. Udongo mweusi wa pamba, ambao uko sehemu nyingi za Kenya, huvimba mvua ikinyesha na hupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba iliyojengwa juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka. Kisha hutafuta nguzo. Nyumba nyingi za chini hazina nguzo hata moja, kuta zenyewe ndizo zinazobeba, na mara nyingine mawe yameunganishwa kwa mchanga mwingi na saruji kidogo. Jibu lake linaweza kuwa ndiyo. Linaweza kuwa ndiyo kwa sharti kwamba nguzo mpya zianzie ardhini, zipite ndani ya nyumba hadi juu. Linaweza pia kuwa hapana, na jibu hilo, hata likilipiwa, ni rahisi kuliko mjengo mzima.

Wanaokumbuka tarehe 29 Aprili 2016 wanajua gharama ya kukosa jibu hilo. Usiku huo, mvua kubwa ikinyesha, jumba la ghorofa sita lililokuwa karibu na mto huko Huruma, Nairobi, lilianguka likiwa limejaa wapangaji. Watu karibu 50 walifariki. Lilikuwa limeshatajwa kuwa hatari na kutakiwa kubomolewa, lakini watu waliendelea kuishi humo na kulipa kodi. Wengi wa waliozikwa hawakuwa na sauti yoyote katika ujenzi wake. Hawakuchagua fundi, hawakupunguza vyuma, hawakukwepa ofisi.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inasema hakuna ujenzi kuendelea bila kibali cha kaunti. Kuongeza ghorofa ni ujenzi. Kuongeza chumba nyuma ya nyumba ni ujenzi, na kugeuza nyumba ya familia kuwa duka au vyumba vya kupangisha pia kunahitaji kibali, hata kama hakuna jiwe lililoongezwa. Anayepuuza anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kazi ndogo kama kupaka rangi, kubadilisha vigae au kuziba bomba linalovuja ni jambo jepesi zaidi, lakini kuuliza ofisini kabla ya kuanza hakugharimu kitu. Kazi inayowapotosha wengi ni kubomoa ukuta wa ndani ili sebule iwe kubwa. Inaonekana ndogo, inamalizika kwa siku moja, na kama ukuta huo ndio ulioshikilia boriti za juu, nyumba imeondolewa mguu mmoja.

Maombi hupelekwa na nakala ya hati miliki, stakabadhi kwamba kodi ya ardhi ya kaunti imelipwa, ramani iliyochorwa na msanifu majengo aliyesajiliwa, na kwa mjengo wa ghorofa, michoro ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi. Mhandisi huweka sahihi na muhuri wake, na kuanzia hapo jina lake limefungwa na nyumba hiyo. Ada hufuata Sheria ya Fedha ya kaunti. Kibali kikishatoka, mradi husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, na bango lenye majina ya wahusika huwekwa mahali pa kazi.

Wako wenye ploti wanaosema walikwenda ofisini, wakaambiwa warudi kesho, na kesho hiyo ikawa mwezi. Malalamiko hayo yana msingi, na sheria imeyapa jibu. Muombaji ambaye hakupata jibu la maandishi kwa siku 60 huhesabiwa kuwa amekubaliwa. Kwa hiyo ni muhimu kila anayewasilisha maombi apewe risiti au nakala yenye muhuri na tarehe, aihifadhi, asiridhike na ahadi ya mdomo. Aliyekataliwa ana siku 14 kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango ya ardhi. Siku ni hizo hizo 14 kwa aliyepewa notisi ya kusimamisha kazi. Notisi ikibandikwa mlangoni, kuichana hakusimamishi hesabu ya siku. Na yeyote anayedai pesa ili ramani "isogee", bila risiti ya kaunti, hauzi kibali, kwa sababu muhuri wa namna hiyo haujamfanya mtu yeyote apime msingi.

Kibali hakimalizi kazi. Konkriti hupimwa nguvu yake ikiwa na siku 28, na siku saba za kwanza lazima imwagiliwe maji bila kukosa. Mbao na miti inayoshikilia slabu haiondolewi kwa sababu mwenyewe ana haraka au kwa sababu miti hiyo inatakiwa kwingine. Mhandisi ndiye anayetaja siku. Kila hatua ina ukaguzi wake, msingi kabla haujafukiwa na vyuma kabla konkriti haijamwagwa. Vyuma vikishafunikwa hakuna anayeweza kuvihesabu. Mkaguzi asipofika siku iliyopangwa, apigiwe simu na kazi ingoje.

Kuna mambo mengine ambayo ghorofa mpya huyaleta. Wapangaji wanane wanatumia shimo la choo lililochimbwa kwa watu wanne, na mara nyingine ngazi mpya imejengwa juu ya mfuniko wake, kwa hivyo lori la kunyonya maji taka halina pa kuingizia mpira. Baraza ya juu inasogea hadi mtu anaweza kugusa nyaya za stima akianika nguo. Ngazi ikiwa moja tu, nyembamba, na jiko la gesi likiwa chini yake, moto ukitokea walio juu hawana pa kupitia. Na kama paa la zamani ni la asbesto, lisivunjwe kwa nyundo, kwani vumbi lake huharibu mapafu. Huondolewa na watu wenye leseni ya NEMA.

Aliyekwisha kujenga bila kibali asingoje notisi. Aje na ramani ya nyumba ilivyo sasa na ripoti ya mhandisi. Zipo nyumba ambazo hukaguliwa, zikaimarishwa, zikaendelea kutumika.

Kwa mpangaji, dalili huonekana kabla. Ufa unaopanda ngazi kwa ngazi ukutani na kupanuka wiki hadi wiki, mlango uliokuwa ukifungwa vizuri ukaanza kukwama, slabu iliyopinda katikati, nguzo inayomomonyoka hadi vyuma vikaonekana. Aweke alama ya kalamu na tarehe mwisho wa ufa. Ukipita alama, ampigie simu mhandisi wa kaunti au aende kwa msimamizi wa wadi siku hiyo hiyo. Ukuta ukianza kulia au kumwaga vumbi bila kuguswa, watu watoke kwanza, vyombo vibaki.